Wakuu, nawashawishije wanachuo wenzangu wakapige kura?

Kalamu Kavu (mleta mada)
Habari za muda huu wakuu. Naombeni ushauri, nimekwama na hapa chuoni sina wa kumweleza.

Niko mwaka wa pili, ni kiongozi kwenye serikali ya wanafunzi. Uchaguzi mkuu umekaribia na nina kazi ya kuhamasisha wenzangu wajiandikishe, na siku ikifika wajitokeze. Nimebandika matangazo, nimeandika kwenye makundi yote ya WhatsApp, nimeitisha mkutano ukumbini. Wakaja watu wa safu moja ya viti, na baadhi yao walikuwa wanasubiri kipindi cha jioni humohumo. Ukimgusa mtu anakujibu, "Kura yangu moja itabadilisha nini?" Nifanyeje? Muda umebana na kuna watu wanasubiri matokeo kwangu.

Mzee wa Hoja
Vijana wa siku hizi mpira mnakesha nao, foleni ya kura mnalalamikia jua. Matokeo yakitoka ndio wa kwanza kutukana mtandaoni.

Mtoro wa Vipindi
Mzee, kaomba ushauri, hajaomba viboko.

Shangazi Nuru
Mwanangu, si uvivu peke yake. Mimi nilijiandikishia chuoni, kituo changu kikawa palepale chuoni. Uchaguzi ukaangukia likizo. Niko nyumbani, mbali, nauli sina, kadi ya mpigakura ninayo mkononi na haina kazi. Kwa hiyo kabla hujamuuliza mtu kama anaipenda nchi yake, muulize siku hiyo atakuwa wapi na jina lake liko kituo gani. Anayehitaji kuhamisha taarifa zake ahamishe mapema, daftari likishafungwa hata umhubirie namna gani hapigi kura. (Likizo hiyohiyo ndiyo nilikutana na baba watoto, ila hiyo ina uzi wake.)

Mtoro wa Vipindi
Shangazi, fungua huo uzi.

Mchambuzi Uchwara
Shangazi kagusa penyewe. Suala la mwanachuo ajiandikishe wapi limefikisha watu mahakamani. Marekani walishusha umri wa kupiga kura hadi miaka 18 mwaka 1971, lakini katika kaunti ya Waller, Texas, msajili akawa anawawekea vikwazo wanafunzi wa Prairie View, chuo cha watu weusi, eti hawakuhesabika kuwa wakazi. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1979 msajili akashindwa.

Hayo matangazo yako sasa. Watafiti Gerber na Green wa Chuo Kikuu cha Yale walifanya jaribio mjini New Haven, hukohuko Marekani, mwaka 1998. Kuna wapigakura waligongewa mlango, kuna waliotumiwa barua, kuna waliopigiwa simu. Waliofuatwa ana kwa ana walijitokeza zaidi, tena kwa tofauti ya kuonekana. Barua zilisogeza kidogo, simu hazikusogeza kitu. Achana na gundi na karatasi, pita mabwenini chumba kwa chumba. Akikubali, usiondoke hadi akwambie atatoka saa ngapi, ataendaje na ataongozana na nani. Ahadi isiyo na saa ni hewa.

Nahodha
Mnazunguka bure. Australia wamefanya kupiga kura kuwa lazima tangu 1924, usipokwenda bila sababu ya maana unatozwa faini. Hakuna cha kugonga milango.

Mtoro wa Vipindi
Kwetu faini iwe kukatiwa wifi ya hosteli. Kituo kitajaa tangu saa tisa usiku.

Shangazi Nuru
Kalamu, kuna mahali umepita haraka. "Kuna watu wanasubiri matokeo kwangu." Watu gani hao?

Kalamu Kavu
Asanteni wote, hasa Mchambuzi. Shangazi, ni wadau tu.

Shangazi Nuru
Wadau wana majina, mwanangu.

Kalamu Kavu
Sawa. Kuna mgombea ubunge mmoja katoa fulana na basi la kuwapeleka watu kituoni. Lakini hajasema tumchague! Fulana zimeandikwa "Jitokeze" basi. Alichoomba ni orodha ya wanaojiandikisha na namba zao za simu ili awakumbushe siku ikifika. Nimeshaanza kukusanya. Kabla hamjanirukia: serikali ya wanafunzi haina fungu, na hao wote wanaojiita wapenda demokrasia niliwapelekea barua, hakuna aliyejibu. Mnataka wanachuo wapige kura au hamtaki?

Wakili Bila Joho
Ndugu yangu, polepole. Nchi nyingi sheria ya uchaguzi inahesabu kuwa hongo kumpa mpigakura kitu ili apige kura au asipige, na kwingine hata usafiri una masharti yake. Soma sheria ya kwenu kabla basi halijawasha injini. Linalonitisha zaidi ni orodha. Hao wenzako wanakupa namba wakijua wanampa kiongozi wao wa chuo. Umewaambia inakokwenda?

Kalamu Kavu
Hawajauliza.

Wakili Bila Joho
Hapo umejijibu.

Kalamu Kavu
Namba za watu ziko kila mahali jamani, hata muuza vocha anazo.

Mzee wa Hoja
Enzi zetu tulikwenda kwa miguu, hakuna basi wala fulana. Mimi kura yangu ya kwanza viatu vilikatika njiani.

Nahodha
Wakuu, mimi naona chai hapa, hadithi ya kutunga. Akaunti mpya, posti zote ziko kwenye uzi huu huu. Mgombea gani anatoa basi zima halafu anasahau kuomba kura? Huyu ni mtu wa kampeni, anapima ni chambo gani wanachuo watameza. Na Mchambuzi kamfundisha bure hadi namna ya kugonga milango!

Mtoro wa Vipindi
Au ni mwalimu wa uraia anatunga swali la mtihani. "Kalamu ana fulana na basi. Jadili."

Kalamu Kavu
Nahodha, nije na kitambulisho cha chuo ndio uamini? Nimeleta shida yangu, mnanigeuza mpelelezi.

Mchambuzi Uchwara
Awe wa kweli awe wa kutunga, mlango unagongwa bila fulana. Kalamu, tafuta wenzako wachache kila bweni, gawaneni vyumba. Kama unataka meza ya maswali na majibu, waalikeni wagombea wote, huyo wako akae kwenye foleni kama wengine. Na karatasi ya namba za simu ibaki kwako, ukumbushe mwenyewe.

Kalamu Kavu
Nikikataa orodha anachukua basi.

Shangazi Nuru
Kumbe basi lina bei.

Msimamizi
Uzi umehamishiwa jukwaa la Siasa.

Kalamu Kavu
Msimamizi, rudisha uzi jukwaa la Elimu tafadhali. Hii ni elimu ya mpigakura, haina chama.

Nahodha
Fulana ni za rangi gani?

Kalamu Kavu
Rangi ni rangi tu mkuu.

Mtoro wa Vipindi
😂😂 Msimamizi, acha uzi ukae hukuhuku.