Jina la ukoo "Price" la Welisi na Uingereza: je, maana yake ni "bei"?

Mfasiri wa Historia aliuliza:

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Ninafasiri makala ndefu kuhusu Richard Price, mhubiri na mwanafalsafa aliyezaliwa Llangeinor, kusini mwa Welisi, mwaka 1723. Ndiye aliyewatetea Wamarekani walipodai uhuru wao, hata Bunge lao likamwalika mwaka 1778 aende kulisaidia katika masuala ya fedha. Kwa kuwa aliandika sana juu ya deni la taifa na hesabu za bima ya maisha, mwandishi wa makala ameona vyema kulichezea jina lake, kana kwamba mtu aitwaye "Bei" alizaliwa ili ahesabu fedha za watu.

Nilipofika hapo nilisita. Makala hiyohiyo inasema kwamba baba yake aliitwa Rhys Price, na kuna hati zinazomwandika Rice Price. Katika kusoma zaidi nimekutana na Prys, Pryce, Preece na Rees, na baadhi ya waandishi wanayachukulia yote kuwa jina moja. Naomba kuelimishwa: je, jina hili linatokana kweli na neno la Kiingereza lenye maana ya bei? Na kama sivyo, limefikaje kuandikwa hivyo?

Mtafiti wa Majina alijibu:

Ndugu Mfasiri, umefanya vyema kusita. Jina la mtu huyu halihusiani na bei hata kidogo. Ni maneno mawili ya Kiwelisi yaliyomezana, *ap Rhys*, na kwa Kiswahili tungesema "bin Rhys".

Kwa karne nyingi Wawelisi hawakuwa na majina ya ukoo ya kurithiwa. Mtu alikuwa na jina lake, kisha jina la baba yake, na ikibidi jina la babu na la baba wa babu. Neno *mab* lina maana ya mwana wa kiume. Likiwekwa katikati ya majina mawili, ile m ya mwanzo hulainika hadi ikapotea, na kinachobaki ni *ab* mbele ya irabu na *ap* mbele ya konsonanti. Kwa asili ni ndugu wa *mac* ya Waayalandi na Waskoti, maana mahali ambapo lugha zao zina sauti ya k, Kiwelisi mara nyingi kina p au b. Kwa mwanamke lilitumika *ferch*, yaani binti. Msomaji wa Kiswahili aliyezoea bin na binti hahitaji maelezo marefu: Llywelyn ap Gruffudd, mtawala wa Welisi aliyeuawa mwaka 1282, alikuwa Llywelyn bin Gruffudd, na mtoto wake wa pekee, Gwenllian, alikuwa Gwenllian ferch Llywelyn. Jina la babu halikumfuata Gwenllian, kwa sababu kila kizazi kilianza upya na baba yake.

Sasa litamke *ap Rhys* kwa kasi ya mazungumzo. Ile a ya mwanzo haina mkazo, hivyo inaanguka, na p inajishikiza kwenye jina linalofuata. Unapata *Prys*, iliyotamkwa kwa irabu ndefu inayokaribia "priis". Kuanzia karne ya 15 na kuendelea, Kiingereza kilipitia mageuzi makubwa ya irabu, na "ii" ndefu ya zamani ikawa "ai". Katika midomo na kalamu za watu wa Kiingereza, Rhys ikawa Rice na Prys ikawa Price, ilhali Rees na Preece zimehifadhi sauti ya awali. Kwa hiyo waandishi uliowasoma wana haki: majina yote uliyoyataja yana Rhys mmoja ndani yake, na yale yanayoanza kwa p yamebeba pia mabaki ya "bin".

Rhys lenyewe ni jina la kale, na maana yake ni ari au shauku kali. Lilipendwa kwa sababu lilibebwa na watu wakubwa wa kusini mwa Welisi. Rhys ap Tewdwr, aliyeuawa mwaka 1093 karibu na Brecon, anatajwa katika kitabu cha hesabu za ardhi cha Mfalme William cha mwaka 1086 kwa jina la "Riset", akilipa pauni 40. Nawaombeni muitazame tahajia hiyo, kwa sababu inaonyesha kwamba makarani wa Kinormani walihangaika na jina hili tangu siku ya kwanza. Mjukuu wake, Rhys ap Gruffydd, ndiye aliyewakusanya washairi na wanamuziki katika ngome ya Cardigan mwaka 1176 washindane mbele yake. Baada ya watu wa aina hiyo, wazazi wengi waliwapa watoto wao jina Rhys, na kila Rhys aliyepata mtoto wa kiume alizaa "ap Rhys" mwingine.

Msomaji wa Kumbukumbu alijibu:

Ninaongeza upande wa historia, kwa sababu sauti peke yake haielezi kwa nini jina lililokuwa likibadilika kila kizazi lilikuja kuganda.

Chini ya sheria za kale za Welisi, ambazo mapokeo yanazihusisha na Mfalme Hywel Dda wa karne ya 10, haki ya ardhi ilitegemea nasaba. Mtu aliyeweza kuwataja baba zake kwa mfululizo alikuwa na ushahidi wake mdomoni. Mnyororo wa "ap fulani ap fulani" ulikuwa hati ya umiliki. Mambo yaligeuka kati ya mwaka 1535 na 1542, Bunge la Uingereza chini ya Mfalme Henry wa Nane lilipoiunganisha Welisi na Uingereza kisheria na kukifanya Kiingereza kuwa lugha ya mahakama. Mwaka 1538 parokia nazo ziliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na mazishi. Karani wa Kiingereza alitaka jina moja fupi analoweza kulipata tena kesho katika daftari lake.

Nashindwa kupita bila kusema kwamba ukoo wa mfalme huyohuyo ulipata jina lake kwa njia hii. Babu wa baba yake alikuwa Owain ap Maredudd ap Tudur. Waingereza walishika jina la babu badala ya la baba, wakamwita Owen Tudor. Kama wangefuata desturi ya Kiwelisi kikamilifu, leo tungesoma habari za wafalme wa ukoo wa Meredith.

Mabadiliko hayakufika kila mahali kwa wakati mmoja, na hapa ndipo Price anapotofautiana na Rees. Upande wa mashariki, katika Brecon, Radnor na wilaya za mpakani kama Herefordshire na Shropshire, majina yaliganda mapema, wakati "ap" ilikuwa bado hai katika usemi. Ndiyo maana huko kuna Price wengi, pamoja na Powell (ap Hywel), Pugh (ap Huw), Parry (ap Harry), Bowen (ab Owen) na Bevan (ab Ifan). Magharibi, desturi ya kale iliendelea katika baadhi ya sehemu hadi karne ya 19, na majina yalipoganda watu walichukua jina la baba bila "ap", au wakalifunga kwa s ya Kiingereza, kama Jones na Davies. Rhys wa huko akaacha wajukuu wanaoitwa Rees.

Mfano mzuri wa kipindi cha mpito ni Sir John Prise wa Brecon, aliyetoa mwaka 1546 kitabu cha kwanza kuchapishwa kwa Kiwelisi. Kwa Kiwelisi alijulikana kama Siôn ap Rhys, na kwa Kiingereza akawa Prise. Mtu mmoja aliishi na mifumo yote miwili.

Msafiri wa Nyaraka alijibu:

Nawashukuru waliotangulia, lakini naona mmefunga mlango mapema mno. Jina hili ni la Uingereza pia, na si kila Price anayetoka Uingereza ana babu wa Welisi. Wako wataalamu wanaopendekeza kwamba baadhi ya koo za Kiingereza zilipata jina hilo kutokana na *pris*, neno la Kifaransa cha kale lililoingia Kiingereza likiwa na maana ya thamani au tuzo. Vilevile kuna kijiji kiitwacho Prees huko Shropshire, na mtu aliyehama kutoka hapo angeweza kuitwa kwa jina la kijiji. Na nchini Marekani wapo Price ambao wazazi wao waliwasili wakiitwa Preis, jina la Kijerumani.

Mtafiti wa Majina alijibu:

Ndugu Msafiri, sahihisho lako ni la haki na nalipokea. Ningeongeza tu kwamba Prees yenyewe ni Kiwelisi kilichobaki upande wa pili wa mpaka, kwani inatokana na *prys*, yaani kichaka. Kuhusu *pris*, siikatai, ila uzito wa ushahidi uko kwingine: wingi wa Price upo hasa pale ambapo Kiwelisi na Kiingereza vilikutana. Kwa mtu aliyezaliwa Llangeinor na baba aitwaye Rhys, sioni sababu ya kutafuta asili nyingine.

Mfasiri wa Historia aliandika:

Nimeelewa, na ninawashukuru. Swali la mwisho: je, wote wanaoitwa Price ni ukoo mmoja? Na iwapo msomaji angetaka kujua kama Price fulani ni wa Welisi, angeanzia wapi?

Msomaji wa Kumbukumbu alijibu:

Si ukoo mmoja hata kidogo. Jina lilizaliwa upya popote palipokuwa na baba aitwaye Rhys, hivyo majirani wawili wenye jina hilo huenda hawana damu moja.

Msomaji huyo na aanze na anachokijua, arudi nyuma. Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Uingereza na Welisi mwezi Julai 1837, na sensa zinazotaja kila mtu kwa jina zinapatikana tangu 1841. Kabla ya hapo kuna daftari za parokia, na kuna wosia. Wosia zilizothibitishwa katika mahakama za kanisa za Welisi kabla ya 1858 zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Welisi mjini Aberystwyth, na zinaweza kusomwa mtandaoni bila malipo. Ninazipenda kuliko hati nyingine zote, kwa sababu baba huwataja watoto wake, na hapo unaweza kuona kwa macho yako Rhys Thomas akimwachia ng'ombe mwanawe Thomas Rees. Ajihadhari na mambo mawili. Tahajia hubadilika hata ndani ya hati moja, kwa hiyo atafute Price, Pryce, Prys, Preece, Rice na Rees kwa pamoja. Pia, katika desturi ya kale mwanamke aliyeolewa hakuchukua jina la mume, aliendelea na jina la baba yake, na asiyejua hilo hudhani ameangukia familia nyingine.

Mfasiri wa Historia aliandika:

Basi nitaiacha Price kama ilivyo katika matini, na chini ya ukurasa nitaeleza kwamba asili yake ni "bin Rhys". Ule mchezo wa maneno juu ya bei nitaufasiri, kwa kuwa ni wa mwandishi, lakini maelezo yangu yatasimama kando yake.

Mtafiti wa Majina alijibu:

Uamuzi mzuri. Katika maelezo hayo taja pia kwamba kwa baba yake jina lilikuwa tayari limeganda, kwani naye aliitwa Price. Hata hivyo, kwa kuwa baba huyo aliitwa Rhys, Richard Price angeitwa Richard ap Rhys hata kwa desturi ya kale.