Nataka programu yangu ya chesi icheze na watu mtandaoni, taratibu zikoje?

fundi_kete
Wakuu habari zenu. Nimeandika programu ya chesi, nilianza na Python nikaja kuihamishia C++ maana ilikuwa nzito mno, sasa hivi inaongea UCI (lugha ambayo programu ya chesi inatumia kuwasiliana na ubao) vizuri tu na nataka kuipeleka Lichess, tovuti ya kuchezea chesi, icheze na watu. Nina maswali mawili. La kwanza, pale nina akaunti yangu yenye gemu kama 400, naweza kuitumia hiyohiyo?

La pili ndio linaninyima raha. Juzi nilimkalisha rafiki yangu acheze nayo kwenye kompyuta yangu, dakika 3 kila mmoja bila nyongeza (sekunde zinazoongezwa kwenye saa kila ukicheza hatua). Wakafika mwisho kila upande una mfalme na ngome moja tu, pawni zote zimeisha, sare ya wazi kabisa. Jamaa akaomba sare, programu kimya. Ikawa inahamisha ngome huku na kule, kila hatua papo hapo, yeye ana sekunde 9 anahangaika na mausi mpaka saa ikamkatikia. Ubaoni imeandikwa programu imeshinda lakini jamaa aliinuka amenuna, na mimi nikaona aibu kama vile ni mimi nimemfanyia. Hakuna sheria iliyovunjwa, ila ni sawa kweli?

mzee_ngome
Karibu mkuu. Akaunti yako hapana, haitakubali. Lichess ina akaunti maalumu za boti, na ili akaunti igeuzwe kuwa ya boti lazima iwe haijacheza hata gemu moja, kwahiyo fungua mpya, tengeneza tokeni (ufunguo wa siri ambao programu inautumia kuingia kwenye akaunti) yenye ruhusa ya kucheza kama boti, ndio uigeuze. Ukishageuza hakuna kurudi nyuma, kwahiyo chagua jina vizuri. Baada ya hapo jina litatanguliwa na neno BOT na programu haitaingia kwenye foleni ya kutafutiwa wapinzani pamoja na watu, itacheza kwa mialiko.

Na nakuomba sana, usijaribu hata mara moja kuichezesha kupitia jina lako eti unapima tu. Wengi wanadhani kwasababu injini, yaani programu inayofikiria hatua, umeiandika kwa mkono wako basi sio udanganyifu, ni udanganyifu uleule. Mtu wa upande wa pili anaamini anacheza na binadamu, anakaa anafikiria huyu atachoka, huyu ataogopa, kumbe anapigana na mashine. Akijua ni mashine na akakubali mwenyewe hapo hakuna ubaya, kuna watu wanazipenda boti kabisa na wanazitafuta. Chesi ya posta (ya kutumiana hatua kwa siku nyingi) ya ICCF, shirikisho lake la kimataifa, inaruhusu kutumia injini na watu wanacheza kwa heshima zao, maana wote wanajua.

Tokeni usiiache ndani ya faili unazopandisha GitHub ambako watu wanaweka msimbo wao hadharani, atakayeiona anaichezesha boti yako anavyotaka.

ndugu_farasi
Mimi swali la pili naona unajitesa bure. Saa ni sehemu ya gemu, hata binadamu wanakatishiana saa kila siku kwenye buleti, zile gemu za dakika moja au mbili. Aliyekubali kucheza bila nyongeza amekubali na hilo.

dada_msimbo
@ndugu_farasi hapana kaka, siafiki. Watu wawili wakikimbizana na saa wote mikono inatetemeka, yeyote anaweza kukosea. Programu haitetemeki, inajibu kabla hujaachia mausi, sasa hapo mnashindania nini?

@fundi_kete kilichotokea ni hiki, na wengi wanaoanza hawakijui: UCI haina amri ya kuomba sare, haina ya kukubali sare, wala haina ya kukubali kushindwa. Injini inapewa nafasi, inarudisha hatua bora, basi. Yaani injini yako haikumkatalia rafiki yako, haikusikia kabisa kama ameomba. (Itifaki ya XBoard, lugha nyingine ya zamani ya injini, ndio inazo hizo amri.) Kwahiyo adabu haikai ndani ya injini, inakaa kwenye programu inayoiunganisha injini na ubao, na hiyo unaipanga wewe, ndio maana ile aibu uliyoiona mimi naona ilikuwa mahali pake.

Ukitumia lichess-bot, programu inayounganisha injini na Lichess, fungua faili lake la mipangilio, config.yml, utafute sehemu ya draw_or_resign. Unawasha sare, unaiambia ikiona tathmini ya injini ni 0, yaani hakuna anayeongoza, kwa hatua 10 mfululizo na kete zimebaki chache basi iombe au ikubali. Kushindwa pia hivyohivyo, ikiwa chini kwa 1000, yaani sawa na pawni 10, kwa hatua 3 ikubali yaishe, sio mtu amekupiga vizuri halafu unamlazimisha asogeze kete nyingine thelathini. Hapohapo kwenye mipangilio weka boti ikubali mialiko yenye nyongeza tu, na gemu moja kwa wakati kama kompyuta yako ni ya kawaida, maana ukipokea manne injini zinanyang'anyana prosesa na boti inaanza kuchelewa.

Kingine, usizime kompyuta gemu likiwa katikati. Mtu anabaki anatazama ubao hajui umeondoka au intaneti imekata. Acha limalizike kwanza.

mzee_ngome
Dada kamaliza. Naongeza moja: kwenye wasifu wa boti andika mwenye boti ni nani na injini ni ipi. Kama kuna msimbo wowote umeuchukua kwenye injini maarufu ya Stockfish sema, leseni yake ni GPL, inayokutaka uweke msimbo wako wazi ukiusambaza, na waandishi wake walishawapeleka ChessBase, kampuni ya programu za chesi, mahakamani mwaka 2021 kwa mambo hayohayo.

fundi_kete
Asanteni sana wakuu. Msimbo wote ni wangu, nitaandika kwenye wasifu. Nimekaa na hiyo config tangu mchana, nimeweka sare kwa kete 8 kushuka chini, na mialiko isiyo na nyongeza inakataliwa. Rafiki yangu nimemwelezea kwamba ombi lake halikufika kabisa kwenye injini, akacheka. Kesho anarudiana nayo kwa dakika 3 na nyongeza ya sekunde 2, safari hii kupitia Lichess, nitaleta gemu hapa.