DJ wa harusi Malindi: anayemiksi papo hapo au mwenye miksi tayari?

Mtoto_wa_Maweni
Assalamu alaykum nyote. Dadangu mdogo anaolewa mwezi ujao hapa Malindi, na kazi ya kutafuta DJ nimekabidhiwa mimi. Nimebaki na wawili. Wa kwanza huja na kontrola yake na hedifoni, nyimbo anazichanganya pale pale mbele ya watu. Anataka 40,000. Wa pili ana jina, miksi zake zinapigwa kwenye matatu kuanzia Mombasa mpaka huku, naye anataka 28,000. Lakini nilimwona harusi moja Watamu: usiku kucha hakuvaa hedifoni wala sikuona mkono wake ukigusa chochote, alikuwa akiwapungia watu tu. Hiyo tofauti ya pesa ina maana? Ijumaa lazima nitoe arubuni.

Baharia_Kilifi
Wa alaykum salaam. Ndugu yangu, mambo ya maana yote umeyaacha. Wageni wangapi? Ukumbini au uwanjani? Spika ni zao au mnakodi? Hiyo 40,000 ni ya saa ngapi? Jibu hayo kwanza.

FundiMitambo
Wakati tunasubiri majibu, hedifoni peke yake si ushahidi. Siku hizi programu inamwonyesha DJ mawimbi ya wimbo kwenye kioo, na wapo wanaopanga kwa macho. Mjaribu hivi: wimbo ukiwa unaendelea, mtajie mwingine umtakao wewe, aupige sasa hivi. Anayejua atausikiliza sikioni kwanza, atatafuta pa kuingilia, atapunguza besi ya ule unaotoka ili besi mbili zisigongane, ndipo aupandishe. Mwenye miksi tayari atakwambia subiri kidogo.

Santuri_Halisi
Nitasema ninalolisema siku zote: DJ anajulikana kwenye santuri. Ile mashine ya kupigia santuri, Technics SL-1200, ilitoka 1972, mota yake inazungusha sahani moja kwa moja bila mkanda, ndiyo maana inastahimili mkono wa mtu. Pale hakuna kitufe cha kukuokoa. Mapigo yakiachana, ukumbi mzima unasikia. Muulize huyo wa kwanza kama amewahi kugusa santuri.

Baharia_Kilifi
Santuri kwa harusi ya Malindi, kaka? Kwa joto hili na chumvi ya bahari? Na hizo nyimbo wanazotaka vijana utazipata kwenye santuri ipi?

Santuri_Halisi
Zangu nazisimamisha wima chumbani mbali na dirisha, hata moja haijapinda. Sijasema alete santuri harusini. Nimesema aulizwe alijifunzia wapi.

Mama_Zuhura
Mwanangu wa Maweni, nisikilize mimi maana yamenifika. Mwaka juzi nilimwoza binti yangu. DJ tulitafutiwa na jamaa, tukaambiwa huyu ndiye. Akaja, akachomeka flashi, akaketi. Saa ya kwanza nyimbo zilikwenda vizuri, sikatai. Bibi harusi alipofika mlangoni tukamwambia, weka ile taarabu tuliyokuagiza. Akajibu iko ndani, inakuja. Mtoto kasimama na shela lake, shangazi zake wawili wamemshika mikono, joto la Machi unalijua. Nyimbo nne zikapita! Wimbo wake ulipofika ukapigwa ubeti mmoja ukakatwa, kwa kuwa ndivyo alivyourekodi. Akafika katikati ya ukumbi inalia bongo fleva.

Kisha stima ikapotea. Jenereta lilipowaka kijana akabonyeza, na miksi ikaanza upya tangu mwanzo, na sauti yake iliyorekodiwa ikiwasalimu watu wa Nairobi. Nyimbo zile zile, kwa mpango ule ule. Mamangu mzazi, Mwenyezi Mungu amrehemu, akaniinamia akaniuliza, "Huyu kijana hatuoni?" Neno hilo halijanitoka mpaka leo. Lipa hiyo 40,000.

Rasta_wa_Barani
Pole sana mama. Lakini tusiwaonee wenye miksi. Hata wakubwa wa dunia wanafanya. Mwaka 2012 deadmau5 wa Kanada aliandika mwenyewe kwamba kwenye majukwaa yale makubwa wao hubonyeza tu. Watu wanacheza, wanafurahi. Miksi iliyotengenezwa studio kwa siku tatu ni safi kuliko ya kubahatisha usiku wa harusi.

FundiMitambo
Kule onyesho zima limefungwa pamoja na taa na picha, lazima wimbo utoke kwa sekunde yake. Harusi haifungwi hivyo. Shehe akichelewa, chakula kikichelewa, kila kitu kinasogea. Miksi ya studio ni safi, nakubali, ila haijui kama biriani imefika.

Rasta_wa_Barani
Basi hata huyo wa kwanza anabonyeza kitufe cha sinki na mashine inamlinganishia mapigo. Tofauti iko wapi?

FundiMitambo
Sinki inafaa kwa amapiano, mapigo 110 hadi 115 kwa dakika, mashine juu ya mashine. Mpe chakacha. Mapigo yake yanakwenda sita sita, na programu nyingi zinahesabu nne nne. Isitoshe, taarabu ya zamani imepigwa na mikono ya watu, haikai mwendo mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Hapo kitufe kinapotea njia, linabaki sikio. Mtu wa Pwani mjaribu kwa chakacha, si kwa amapiano.

Bi_Mkunguni
Mimi niko Lamu. Mnabishana vitufe na hakuna aliyetaja kutuza. Akina mama wakianza kuinuka na noti kumtuza bibi harusi, wimbo haukatwi mpaka wa mwisho arudi kitini. Wanaweza kuwa kumi, wanaweza kuwa hamsini. DJ mzuri anakamata kile kipande cha ngoma anakirudisha, anakirudisha, mpaka mstari umalizike. Kwangu mimi kazi ni hiyo.

Santuri_Halisi
Bi Mkunguni umenigusa, maana huo ndio mwanzo wenyewe wa hip hop. Bronx, New York, tarehe 11 Agosti 1973, DJ Kool Herc alipiga kwenye sherehe ya dada yake. Aliona watu wanakingoja kile kipande cha ngoma tupu, akatumia nakala mbili za santuri moja: hii ikimaliza kipande, ile inaanza, huku anairudisha ya kwanza nyuma. Aliwatazama wachezaji, ndipo mkono ukafuata.

Mtoto_wa_Maweni
Shukran nyote. Mama Zuhura, pole sana. Majibu: wageni kama 250, ukumbini, Jumamosi kuanzia saa mbili usiku mpaka saa saba. Ni usiku wa kupamba.

Bi_Mkunguni
Kupamba? Wanawake watupu? Na hao wawili ni wanaume?

Mtoto_wa_Maweni
Ndiyo, wanaume wote. Samahani, nilitakiwa kuanza na hilo. Wa kwanza anasema yuko tayari kupiga nyuma ya pazia.

Bi_Mkunguni
Nyuma ya pazia atamwonaje anayetuza? Hata awe hodari vipi, utakuwa umemlipa 40,000 na kumfumba macho. Tafuta DJ wa kike. Na simu zikusanywe mlangoni, hilo liwekwe kwenye mapatano.

Rasta_wa_Barani
Wa kike wako Mombasa, ongeza nauli na malazi. Kwa nini msichukue kikundi cha vugo tu, ile ngoma ya akina mama ya harusini?

Bi_Mkunguni
Vugo lina saa yake, haliwezi kubeba usiku mzima. Mabinti nao wanataka nyimbo zao.

Mtoto_wa_Maweni
Nimempigia huyo wa kwanza sasa hivi. Ana dada yake, amemfundisha mwaka mzima kwenye kontrola hiyo hiyo. Wamepiga pamoja harusi mbili ila kupamba bado. Kwake yeye anataka 30,000.

FundiMitambo
Chakacha anaijua?

Mtoto_wa_Maweni
Kaka yake anasema anaijua kumshinda.

Mama_Zuhura
Kaka mtu lazima aseme hivyo. Mlete kwangu Alhamisi baada ya alasiri na mtambo wake. Nitawaita majirani tuinuke na noti kama kweli, tuone kama anatungoja.

Baharia_Kilifi
Spika bado hujajibu. Watu 250 ukumbini, spika ni za nani?