Hisa za kampuni za simu: gawio la kumtunza mama Nyegezi

Kutoka Reading, Uingereza

Wana Mwanza wenzangu, habari za huko mliko. Nina akiba kidogo, nataka izae fedha za kumtunza mama, Nyegezi. Rafiki ananishawishi ninunue hisa za kampuni za simu, ati gawio lake, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, ni nono. Ninunue za huku au za nyumbani? Na je, nimwambie mama kabisa kwamba kila mwezi kitaingia kitu?

Kutoka Kirumba, Mwanza

Dada, salamu nyingi. Nianze na swali la mwisho kwa kuwa ndilo zito: usimwahidi mama kitu cha kila mwezi. Vodacom Tanzania hulipa gawio la mwaka, likishapitishwa na mkutano mkuu. Safaricom ya Kenya siku hizi hulipa la awali na la mwisho. Dawa za presha hazisubiri mkutano mkuu. Matumizi ya mwezi yatoke kwenye mshahara wako, gawio liwe la bati au kisima.

Sasa biashara yenyewe. Mwombe ndugu yako yeyote apite soko la Mwaloni asubuhi, magunia ya dagaa yanaposhushwa. Mnunuzi anatuma fedha kwa simu, mwenye mzigo aliyebaki Ukerewe anapata ujumbe, anampigia mtu wake, gunia linapakiwa. Pembeni wakala ana simu tatu mezani na daftari. Floti, yaani fedha yake ya kuhudumia wateja, ikikata anamkimbiza kijana benki. Kila muamala una makato, na humo ndimo gawio linamotoka. M-Pesa peke yake huiingizia Vodacom Tanzania zaidi ya theluthi ya mapato yake ya huduma. Biashara hii naiheshimu kwa sababu naiona ikifanya kazi kila siku.

Lakini makato hayo serikali nayo inayaona. Julai 2021 ilianza tozo ya miamala, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja. Watu walilalamika sana, wengi wakarudi kwenye fedha taslimu, na Septemba mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Kabla ya hapo, Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 Vodacom ikatangaza hasara. Mwenye kutegemea gawio ayajue haya kabla hajatoa hela.

Bei nayo. Hisa za Vodacom Tanzania ziliuzwa kwa umma shilingi 850 mwaka 2017, na kwa miaka mingi baada ya hapo zikauzwa chini ya hiyo. Dola ilikuwa kama shilingi 2,240 wakati huo. Mwaka 2024 ilifika 2,700 hivi. Ukipiga hesabu kwa fedha ya ughaibuni utaumia mara mbili. Ila mama ananunua sato kwa shilingi, kwa hiyo mapato ya shilingi yanamfaa.

Za huko si salama zaidi. BT, kampuni ya simu ya Uingereza, ilisimamisha gawio mwaka 2020, AT&T ya Marekani ikalishusha mwaka 2022 kutoka dola 2.08 kwa hisa hadi 1.11, na Vodafone ikalikata nusu, kutoka senti 9 za yuro hadi 4.5. Kampuni za simu hazimalizi kujenga: minara, masafa, mitambo mipya, na madeni juu yake. Ukiona gawio ni asilimia kubwa mno ya bei, huenda bei ndiyo iliyoanguka, au mwaka ule lilitoka gawio maalumu la mara moja. Fungua hesabu za kampuni, tazama fedha iliyobaki baada ya ujenzi na riba. Isipotosha kulipa gawio, achana nayo.

Ukiamua za nyumbani, tafuta dalali mwenye leseni ya CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji, akufungulie akaunti ya CSD, ambako hisa zako zinatunzwa. Kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa, kwenye gawio la kampuni iliyo kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam ni asilimia 5. Ujue pia kwamba siku nyingine wanunuzi ni wachache, hivyo usiweke fedha utakayoihitaji kwa haraka.

Kutoka Minneapolis, Marekani

Naongezea tu. Anayetaka kujua tarehe na kiasi atazame hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali fedha: riba inalipwa mara mbili kwa mwaka. Riba ya hatifungani ya miaka 25 ilishushwa mwaka 2022 kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56, lakini ukishanunua, kiwango chako hakibadiliki. Na tulioko Marekani, akaunti za nje zikizidi jumla ya dola 10,000 lazima tuziripoti.

Kutoka Reading

Asanteni sana. Hisa niziandike kwa jina la mama, gawio limfikie moja kwa moja?

Kutoka Kirumba

Hapana, dada, ziandike kwa jina lako, gawio likiingia umtumie. Zikiwa kwa jina lake ni mali yake, na siku Mungu akimchukua zitaingia kwenye mirathi: kikao cha ukoo, msimamizi wa mirathi athibitishwe na mahakama, ndipo zihamishwe kwa warithi wote. Ila huko Uingereza ukumbuke kuliorodhesha gawio hilo kwenye hesabu zako za kodi: tangu Aprili 2024 msamaha wa kodi ni pauni 500 tu kwa mwaka, kwa magawio yako yote pamoja.