Binti wa miaka 19 atunge ngoma, au akae kwanza na wakubwa?

MwalimuTemeke: Wadau habari zenu. Nafundisha dansi Temeke, ukumbi wa kuazima, sakafu ya saruji, umeme tunachangishana. Mwezi uliopita nilimpa binti wa miaka 19 wachezaji sita, mpigaji mmoja na wiki nne, nikamwambia tunga cha kwako mimi sitii mkono. Akatoka na kitu cha dakika nane, mzizi wake sindimba, ile ngoma ya kiuno ya Wamakonde. Kuisha tu mzee mmoja akasimama mbele za watu akasema mtoto hatungi kabla hajakaa na wakubwa miaka kumi, na kwamba mimi naharibu watoto. Nimeshindwa kulala nalo hili. Mi nasema kijana apewe jukwaa mapema. Kutunga hujifunzi kwa kutazama mgongo wa aliye mbele yako kwenye mstari, unajifunza siku watu sita wamesimama wanakusubiri useme tunaanzia wapi, na wewe kichwani hamna kitu. Nyie mnasemaje?

MzeeWaJukwaa: Huyo mzee ni mimi na narudia hapa hapa. Sisi tumekaa nyuma ya wakubwa miaka mpaka magoti yakaota sugu. Kuna vijana walipelekwa China miaka ya 60 kusomea sarakasi, wamekaa kule miaka, kazi yao kurudia kitu kile kile kila siku, hakuna aliyeulizwa anataka kutunga nini. Leo mtoto kajifunza stepu kwenye simu, kesho eti koreografa. Halafu ile haikuwa sindimba. Kaipeleka polepole kama mazishi, wasichana wanalala chini. Na huyo binti mwenyewe si hata Mmakonde.

BintiNewala: Shikamoo mzee. Hapo mwisho umenigusa nami ni Mmakonde wa kuzaliwa, bibi yangu kazikwa Newala. Nyie mliokuwa mnaicheza jukwaani enzi za Kikundi cha Taifa cha Ngoma mlikuwa Wamakonde wangapi? Ngoma iliyokuwa ya duara, watu wamezunguka, mama kabeba mtoto mgongoni anaingia na kutoka, mkaikata mkaipanga mistari wote mnawatazama viongozi waliokaa kwenye viti. Hamkutuuliza. Leo binti mmoja kaipunguza mwendo ndio imekuwa kosa?

MzeeWaJukwaa: Marahaba mwanangu. Tuliipanga ndio, ila kiuno tulikiacha kiuno. Na sisi ndio tuliyoifanya ijulikane nchi nzima mpaka mashuleni, bila sisi ingebaki kwenu huko.

BintiNewala: "Ingebaki kwenu huko". Kwetu huko wapi mzee? Kwetu ilikuwa inachezwa na watu wazima kwa heshima yake, nyie mlipoipeleka mijini ndio ikaanza kuitwa ya matusi, wazee wetu wakaona aibu kwa kitu chao wenyewe. Usituambie mlitusaidia.

chapuo_la_pwani: Sindimba asili yake Masasi lakini, sio Newala

BintiNewala: Kaka kaa pembeni.

chapuo_la_pwani: Nauliza tu dada mbona ukali. Babu alikuwa anaipiga Masasi na vinganga vyake mwenyewe, alikuwa hagusi ngoma kabla haijaota moto ngozi ikalia anavyotaka. Sasa nani mwenyewe?

MwalimuTemeke: Jamani tunatoka kwenye njia. Swali ni kijana kupewa nafasi ya kutunga.

Mkisangani: Mwalimu mimi nitakujibu. Faustin Linyekula, mtunzi wa dansi, ni wa kwetu Congo, vyuo vya Zaire vilipofungwa akaja Nairobi, wakaanzisha kundi la Gàara na Opiyo Okach na mama mmoja anaitwa Afrah Tenambergen. Hakuwa amefika hata miaka 25. Kazi yao ya mwanzo ikapata zawadi Luanda, 1998 kama sijakosea. Baadaye akaanzisha Studios Kabako na akairudisha Kisangani, na sasa anawapa wadogo mahali pa kujaribu. Nani alimwambia akae kwanza miaka kumi? Kule Senegal Germaine Acogny alifungua studio yake ya dansi Dakar 1968, alikuwa na miaka 24. Huwezi kumwambia mtu subiri, mwili hausubiri.

MzeeWaJukwaa: Hao unaowataja ni mmoja mmoja. Na wote walikuwa wamesoma.

Mkisangani: Na walisoma kwa kutunga, mzee wangu.

Dansa255: Mi nawasoma tu hapa mnagombania asili ya ngoma, mimi ni dansa wa nyuma ya wasanii mwaka wa saba huu. Mnajua nani anatunga zile stepu mnazoona watoto wanaiga mitaani? Ni sisi. Niliunda stepu moja nikiwa na miaka 20, usiku, kwenye korido ya nyumba ya kupanga Mbagala, navaa soksi nisimwamshe mwenye nyumba. Ikatoka kwenye video, ikachezwa kila mahali mpaka kipaimara. Nililipwa elfu 30 na nauli, jina langu halikuwekwa popote. Msanii akahojiwa akasema "hii nimeiota". Kwa hiyo mzee unaposema vijana hawajakaa na wakubwa, tumekaa nao sana, wao ndio wanaondoka na kazi zetu.

BintiNewala: Pole sana mdogo wangu. Kwani COSOTA, kwa watu wa hakimiliki, hukwenda?

Dansa255: Dada nitaenda na nini, stepu haina karatasi

mwanasheria_mtarajiwa: Hapana hapo tusipotoshane. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inataja kazi za dansi kabisa, zinalindwa kama tamthilia. Tatizo huna ushahidi kwamba ni yako. Jirekodi mazoezini, simu iwe imesimama sehemu moja, taja jina lako na tarehe mwanzoni, tunza. Na mkataba hata wa ukurasa mmoja kabla hujamwonyesha mtu stepu.

Dansa255: Ukidai mkataba unaambiwa toka, wapo wengine 50 nje wanataka nafasi yako. Hiyo ndiyo hali.

chapuo_la_pwani: Ndio maana mi nasema mtoto aende Bagamoyo kwanza, chuo cha sanaa kipo tangu 1981, asome, apate cheti, hapo wanamheshimu

Dansa255: Ada utanilipia wewe?

MwalimuTemeke: Dansa255 hiki unachosema ndicho hasa nilichokuwa nakitafuta na sikujua kukisema. Ukimpa kijana jukwaa lake akiwa na miaka 19, jina lake likasomwa, "imetungwa na fulani", siku akienda kwa msanii anakwenda akijua yeye ni nani. Yule binti nilimwandikia jina kwenye karatasi ya manila mlangoni kwa maka pen. Mama yake anauza vitumbua, alikuja na sinia lake kichwani akasimama pale mlangoni anasoma lile jina kwa sauti, mara mbili. Mzee, na wewe ulipita mlango ule ule.

MzeeWaJukwaa: Nilimwona mama. Nilinunua vitumbua.

BintiNewala: Mzee mimi nauliza jambo moja tu halafu nanyamaza. Humu wote tunaongea, aliyeiona kwa macho ukimtoa mwalimu ni wewe peke yako. Ilikuwaje?

MzeeWaJukwaa: Mwanzo ovyo. Mikono imelegea, wawili wanahesabu kwa midomo, nawaona. Sindimba sio ile na sitabadilisha neno. Lakini kuna mahali, kama dakika ya tano hivi, ngoma ilinyamaza ghafla. Wasichana hawakusimama. Zikabaki njuga tupu na miguu kwenye saruji, ile sauti ikawa inapanda ukutani. Pale nilinyanyuka.

BintiNewala: Ulinyanyuka kwa nini?

MzeeWaJukwaa: Nilidhani mpigaji kapatwa na kitu. Nikamtazama, mzima, mikono kaiweka mapajani, anawatazama wenzake. Nikabaki nimesimama hivyo hivyo mpaka mwisho.