Kikundi cha Ukoo: Hita ya Gari la Idi

Zuhura, 12:40 jioni
Asalaam aleikum nyote. Shangazi anatua hapa Winnipeg kesho saa 5 asubuhi, utabiri unasema nyuzi 34 chini ya sifuri, na gari la Idi, ambalo ndilo pekee litakaloweza kubeba masanduku yake, feni ya hita imekufa. Kila mmoja aseme atasaidia nini.

Zuhura, 1:35 usiku
Watu 11 wamesoma na hakuna aliyejibu.

Idi, 2:10 usiku
Samahani Dada, nilikuwa kazini. Tangu Novemba feni ilikuwa haivumi ila nikiiweka namba 4, na jana hata hiyo ikanyamaza. Injini inapata moto, na nikienda kasi kijoto chembamba hutoka chenyewe kwenye matundu, lakini kioo cha mbele kinaganda kwa ndani kwa pumzi zangu, hata nikisimama kwenye taa hukikwangua kwa kadi ya benki.

Salim, 2:25 usiku
Kama kijoto kinatoka, maji ya rejeta hayana kosa. Namba za chini zikifa ikabaki ya juu, mara nyingi ni rezista, kile kifaa kinachopunguza kasi ya feni, na huenda sasa plagi yake imeungua. Anza na fyuzi, wala usiweke yenye ampea kubwa zaidi, kwa sababu utaunguza waya. Kisha weka namba 4, uiname upande wa abiria chini ya droo ya dashibodi, ugonge kasha la mota taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikizunguka, shuku brashi za mota, vile vipande vya kaboni vinavyoipa umeme. Futa pia theluji chini ya wipa, maana hewa huingilia hapo, na theluji ikivutwa ndani hugandisha mapanga ya feni.

Zuhura, 2:27 usiku
Umeyajua yote haya, mbona hukuyasema ulipomuuzia?

Salim, 2:31 usiku
Nililiuza likiwa na namba zote 4. Na nyaya zangu za kuamshia betri, zile za siku ile ya mjini Brandon, hazijarudi mpaka leo.

Mwajuma, 2:33 usiku
Zipo kwetu, Kaka, tunazianikia nguo za mtoto 😂

Juma wa Tanga, 2:40 usiku
Huku tuna feni 2 na bado tunatota jasho. Tuwatumie moja?

Zuhura, 2:41 usiku
Tafadhali, tusitoke kwenye mada.

Baba Mkubwa, 2:58 usiku
Nimesoma yote. Dada yangu ana kifua, na mnajua. Hapandi gari lisilo na joto. Salim, utalifungua gari hilo kwa mikono yako. Habari za Brandon mtaniletea mimi.

Salim, 3:20 usiku
Nimesikia, Baba Mkubwa. Nikitoka zamu alfajiri nitapitia duka la vipuri likifunguliwa, ila sitaweza kulala chini ya dashibodi nje kwenye baridi hii. Mwajuma, tunaomba gereji yenu.

Mwajuma, 3:44 usiku
Funguo anazo mume wangu, naye amelala. Nitamuuliza. Ila injini isiwashwe mlango ukiwa umefungwa, moshi ule unaua.

Idi, 4:52 usiku
Fyuzi ni nzima. Nimegonga mota, ikazunguka kidogo ikilia kama mlango wa bati, kisha ikanyamaza.

Zuhura, 4:53 usiku
Salim, basi utanunua rezista au mota? Salim?