Binti ana daraja la kwanza PCB, anataka baiokemia awe mtafiti. Tumwache au tumgeuze?

Mjomba wa Mwanga
Wakuu, habari za Kigoma na kwingineko. Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, katoka kidato cha sita na daraja la kwanza, PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Ukoo mzima umeshaanza kumwita daktari. Juzi kanifuata, anasema udaktari hautaki, anataka baiokemia, ile kemia ya viumbe hai, aje awe mtafiti. Akanipigia hesabu mwenyewe bila kuficha: shahada miaka 3, uzamili 2, uzamivu 4 au zaidi, halafu kuna kitu wanaita posdok, mikataba ya miaka miwili miwili chini ya profesa wa watu, ndipo uanze kutafuta nafasi yako. Maisha yataanza akikaribia miaka 35. Wenzake wa stashahada ya uuguzi watakuwa na nyumba mtaa wa Gungu na watoto shuleni.

Msimamo wangu nauweka wazi: asome kwanza kitu chenye ajira. Utafiti ni wa nchi tajiri. Kwetu mtafiti atakuja kutwambia mawese yana lehemu (kolesteroli), jambo ambalo hata kondakta wa daladala analijua. Mnasemaje?

Kibirizi Asubuhi
Mjomba uko sahihi asilimia mia. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara, sasa huo mshahara wenyewe atautoa wapi? Kaka yangu tumbo moja ana shahada ya mambo hayohayo ya molekuli, kafaulu vizuri, leo anasimamia duka la vipuri vya injini za boti. Kaenda kuomba kazi maabara ya hospitali, kaambiwa hasajiliki kwa sababu hakusomea maabara za afya. Na huyo ni mtu anayeijua DNA nje ndani.

Bint Ujiji
Shikamoo mjomba. Hayo ya ajira nitayarudia, lakini hilo la mwisho siwezi kulipita. Mawese HAYANA lehemu. Lehemu ni mali ya wanyama: nyama, mayai, maziwa, na ini lako mwenyewe linaitengeneza kila siku. Mafuta ya mmea hayana lehemu ya kuhesabika. Ule wekundu wa mawese ni karotini, na mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Niko Ujerumani mwaka wa tatu wa uzamivu, baiokemia hiyohiyo, na nimekulia kwenye mawese ya bibi yangu. Kitu ambacho kila kondakta anakijua na si kweli, ndiyo sababu tunahitaji watu wa kukipima.

Mtu wa Cheyo
Dada, mimi niko Tabora. Mama yangu alipimwa, lehemu ikawa juu, daktari akamwambia aache mawese. Sasa nimsikilize daktari aliyemshika mkono, au binti wa Ujerumani aliyekula mawese ya bibi? Ninyi wa uzamivu mnapenda kubishana na watu wanaotibu.

Bint Ujiji
Kaka, soma nilichoandika. Nimesema hayana lehemu, sijasema mama anywe dumu. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni mafuta shiba, na kubwa yake ni asidi ya palmitiki. Hiyo ikizidi, ini linapunguza kuichota lehemu mbaya kwenye damu, na kipimo kinapanda. Daktari wa mama kashauri vizuri. Ila "yana lehemu" na "yanapandisha lehemu" ni vitu viwili, na mtu asiyetofautisha ataacha mawese kisha ahamie samli akidhani amejiokoa.

Kibirizi Asubuhi
Hapo sasa! Mwisho wa yote mama aache mawese. Miaka kumi darasani kufika palepale alipofika daktari kwa dakika kumi.

Mtoto wa Mwamgongo
Jamani tunamjadili binti, sio mawese. Mimi kijiji chetu kinapakana na Gombe, hifadhi ya sokwe, niwaambie nilichokulia. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alifika 1960. Mwaka 1975 waasi kutoka ng'ambo ya ziwa walipowateka wanafunzi wanne wa kigeni, wageni waliondolewa, na kazi ya kuwafuata sokwe kila siku na kuandika tabia zao ikabaki kwa Watanzania, wazee wetu. Waliijua kila familia ya sokwe kwa sura. Sasa zile sampuli za kinyesi na mkojo zilizothibitisha kwamba sokwe wa Gombe wana virusi vya jamii ya Ukimwi, na kwamba vinawaua kweli, zilikusanywa hapa, zikachambuliwa Marekani, zikatoka kwenye jarida kubwa, kama sikosei 2009. Porini tulikuwepo. Maabara hatukuwepo. Binti kama huyu ndiye wa kuziba pengo hilo, halafu mnataka kumgeuza?

Kibirizi Asubuhi
Yaani daraja la kwanza la PCB liishie kwenye kinyesi cha sokwe. Mjomba, umeona mwenyewe.

Mtoto wa Mwamgongo
Wewe umekariri neno moja ukaacha yote. Baba yangu mdogo amepanda ile milima mpaka magoti yamekwisha, akiokota hicho unachokidharau. Umeshawahi kufanya kazi yoyote ambayo dunia imeisoma? Nijibu hilo kwanza.

Kibirizi Asubuhi
Mimi nalisha watu dagaa kuanzia alfajiri. Dunia ikisoma au isisome, wanangu wanakula. Heshimu na kazi za wenzako.

Mama wa Simbo
Wanangu, samahani nawaingilia. Mimi nakamua mawese Simbo. Nimesoma humu mkibishana lehemu, lehemu, lakini mimi shida yangu ni nyingine. Mnunuzi alikuja, akaonja, akasema yanakwaruza koo, akashusha bei nikiwa nimeshajaza madumu. Na niliyapika vizuri, pipa lilichemka sana tu. Ila mikungu ilikaa chini ya mwembe siku kadhaa nikisubiri chikichi zilegee zichomoke, na foleni ya mashine nayo. Huyo binti wa Ujiji anijibu, kosa liko wapi?

Bint Ujiji
Mama, shikamoo. Swali lako ndilo baiokemia yenyewe. Ndani ya nyama ya chikichi kuna kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, kinaitwa lipasi. Chikichi ikiwa nzima juu ya mchikichi, hicho kimeng'enya kimetengwa na mafuta. Mkungu ukianguka, chikichi zikichubuka na kukaa, vinakutana. Kila molekuli ya mafuta ni gliseroli iliyoshikana na asidi tatu. Lipasi inazing'oa moja baada ya nyingine, na asidi zilizong'oka ndizo zinazokwaruza koo. Ukiwasha pipa, moto unalainisha chikichi na pia unakiua kimeng'enya. Lakini asidi iliyokwisha kung'oka mwembeni hairudi, hata ukeshe unachemsha. Kwa hiyo chambua mapema, zilizochubuka zitangulie, chemsha siku hiyohiyo. Viwanda vikubwa vinataka asidi huru isizidi asilimia 5, ndiyo maana wanashusha bei.

Mama wa Simbo
Asante mwanangu. Hili hakuna aliyewahi kunieleza. Wote wananiambia mawese yako mabaya, basi.

Mtu wa Cheyo
Hayo si kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Kihinga, wapo hapohapo Kigoma kwa ajili ya michikichi? Hakuna haja ya kwenda Ujerumani kujua chikichi zichemshwe mapema. Na tukiwa wakweli, dada, wewe umesomeshwa na nchi hii kuanzia darasa la kwanza, leo elimu yako inawafaa Wajerumani. Kabla ya kumshawishi mtoto wa watu, rudi kwanza wewe.

Bint Ujiji
Nilijua litakuja. Kihinga wanafanya kazi kubwa, wanazalisha miche ya tenera, ile ya kuchanganya aina mbili za michikichi, dura na pisifera, ambayo chikichi zake zina nyama nene na ganda jembamba la kokwa. Hakuna anayewadharau. Lakini kumpa mkulima mche bora, kisha mafuta yakaharibikia chini ya mwembe, ni kazi nusu.

Na la kurudi, kaka, unalisema kirahisi kwa sababu hujawahi kuomba. Nilipomaliza shahada niliomba kufundisha chuo, wanataka GPA 3.8 kwa ngazi ya chini kabisa ya mhadhiri msaidizi wa mafunzo. Ninayo. Nafasi ilikuwa moja na tulijaa ukumbi. Nikirudi leo, protini ninayoishughulikia inakaa kwenye friza ya nyuzi hasi 80. Umeme ukikatika usiku mmoja, kazi ya mwaka imeoza. Kigoma yetu iliishi kwa majenereta miaka na miaka, unalijua hilo. Vitendanishi vinatoka Ulaya ndani ya barafu, vikikwama bandarini wiki moja unapokea maji ya bei mbaya. Mimi nashinda chumba cha baridi, nyuzi 4, nimevaa koti la mvua juu ya koti la maabara, nasubiri protini ishuke tone kwa tone kwenye mrija, asubuhi napima nakuta imekufa. Naanza upya. Hakuna anayenipigia makofi. Usiniambie sina uzalendo.

Katalin Karikó, mwanabaiokemia wa Hungaria ambaye kazi yake ilizaa chanjo za korona za mRNA, chuo chake Marekani kilimshusha cheo 1995. Nobel kaipata 2023. Njia hii inaumiza kila mahali, hata huko kwa matajiri.

Kibirizi Asubuhi
Huyo ni mmoja. Waliokwama wakafa na vyeti vyao kabatini hawana majina. Na nimewahi kusoma habari za yule mama wa China aliyegundua dawa iliyo ndani ya mseto wa malaria, Tu Youyou, Nobel 2015, hana hata uzamivu. Kwa hiyo hiyo miaka yote ya nini?

Mwalimu wa Kasulu
Nimefundisha kemia muda mrefu, naomba niseme kidogo. Tu Youyou hana uzamivu, ni kweli. Lakini alikuwa mwajiriwa wa taasisi ya serikali yake Beijing, ndani ya mradi wa kitaifa ulioanzishwa 1967 kutafuta dawa ya malaria. Aligundua kwamba moto unaiharibu dawa iliyo kwenye majani, akahamia kuikamua kwa etha, inayochemka kwa joto dogo. Mshahara ulikuwepo, timu ilikuwepo, vifaa vilikuwepo. Kilichomfikisha pale ni nchi kuamua inataka kitu gani. Hapo ndipo ugomvi wenu ulipaswa kuwa tangu mwanzo, badala ya kumpima binti kwa nyumba za Gungu.

Mjomba, kwa binti mwenyewe. Kwanza asichanganye: akitaka maabara ya hospitali, asome Sayansi za Maabara za Afya, huko kuna baraza na usajili. Kilichompata kaka wa Kibirizi kinawapata wengi kwa sababu hakuna aliyewaambia wakiwa kidato cha sita. Akitaka utafiti kweli, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna Baiolojia ya Molekuli na Bayoteknolojia, SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kuna Bayoteknolojia na Sayansi za Maabara. Akifika huko asikae tu kusubiri bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo. Kila likizo aende kwenye taasisi za utafiti, NIMR ya tiba, TARI ya kilimo, TAFIRI ya uvuvi hapo Kigoma, aombe hata kuosha vyombo vya maabara, maana barua ya mtafiti aliyemwona akifanya kazi ndiyo itakayomtafutia ufadhili. Uzamivu wa sayansi hizi Ulaya na Marekani mara nyingi unalipiwa, mwanafunzi anapewa posho. Anayelipa ada mfukoni hakuelekezwa vizuri. Na mlango mwingine mnausahau: kila mwanafunzi wa udaktari lazima apite kwenye baiokemia mwaka wa kwanza, na anayewafundisha lazima atoke mahali.

Mjomba wa Mwanga
Mwalimu, asante, hilo la usajili sikulijua na litabadilisha mazungumzo nyumbani. Lakini bado sijatulizwa. Baba yake ni mvuvi, ana wadogo wanne nyuma yake. Nchi ikiamua kutaka watafiti, ituambie na sisi, ili tujue mtoto hatumpeleki kusubiri. Kwa sasa nitamwambia aweke hiyo ya molekuli chaguo la kwanza na uuguzi la pili. Shemeji yangu hajakubali, na sitamlazimisha.

Mtu wa Cheyo
Chaguo la pili ndilo atakalolishukuru. Nyerere mwenyewe alifundisha baiolojia hapa Tabora, pale St. Mary's, akaona nchi inamhitaji kwingine.

Mtoto wa Mwamgongo
Kwa hiyo kila anayesoma baiolojia akaanzishe chama? Wewe unakwepa hoja tangu jana.

Mama wa Simbo
Mwalimu, nimerudi. Hiyo asidi inapimwaje? Mnunuzi anaonja kwa ulimi na ulimi wake ndio bei yangu. Nami nataka kujua yangu ni ngapi kabla hajaja.

Mwalimu wa Kasulu
Mama, haihitaji maabara ya Ujerumani. Unayeyusha mawese kwenye spiriti ya moto, unaweka matone ya finolifithalini, kile kionyeshi cha rangi, unadondosha sodiamu hidroksaidi (kostiki soda) kwa bureti, mrija wa kupimia, mpaka rangi igeuke ibaki. Ni titresheni hiyohiyo ya mtihani wa kidato cha nne. Wekundu wa mawese unasumbua kuona rangi, kwa hiyo tunaongeza spiriti. Bureti ninazo shuleni, na wanafunzi wangu wamechoka kupima asidi za chupa.

Bint Ujiji
Mwalimu, nitakuandikia hesabu ya kugeuza majibu kuwa asilimia ya asidi ya palmitiki, ni mstari mmoja tu. Mama, peleka mkamuo wa chikichi za siku hiyohiyo na wa zile zilizolala, tofauti utaiona kwa macho.

Mama wa Simbo
Nilete lita ngapi?

Mwalimu wa Kasulu
Robo lita kila mkamuo inatosha. Chupa ziwe kavu kabisa, andika juu yake siku mkungu ulipokatwa na siku ulipochemsha, na usichanganye.